Wiki Sita Bila Kupuliza

Jumatatu, 14 Julai 1980

Nimepona. Naandika kwa wino ili neno hili lisifutike — nimepona! Siku tisa nimelala, nne kati ya hizo wodini. Homa hii ya mafua imepita kijiji kizima, hakuna nyumba isiyokohoa. Mke wangu Raheli anasema hata mbuzi wa jirani yetu Sheshe wanakohoa, lakini wale wanaiga tu.

Daftari hili aliniletea binti yetu Dina kutoka Tanga, niandikie nota. Nota ninazo kichwani. Nitaandika siku zangu. Nilipokuwa wodini niligundua nina mengi ya kusema, na nikimwambia Raheli anasinzia.

Leo nimerudi kiwandani, kwenye mashine yangu ya kukaushia chai. Hakuna aliyenipa pole nyingi, wote wametoka kuugua. Jioni kupanda kuja nyumbani nimesimama mara tatu. Mlima umeongezeka urefu!

Kesho mazoezi ya tarumbeta. Sikukuu ya Mavuno ni tarehe 31 Agosti na sharika nne zinakuja na vikundi vyao. Mwalimu Tobia, kiongozi wetu, anasema bila besi yangu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kikundi kinaelea kama nguo kwenye kamba. Anasema kwa kulaumu, ila mimi nasikia sifa.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi ya jana — wimbo wa pili nikaketi chini, katikati ya mstari. Tobia alidhani natania, akaendelea kupunga kijiti. Pumzi iliisha tu. Nimewaambia ni vumbi la chai.

Hospitali inawaita watu wote waliolazwa kwa homa ile. Kuna daktari mgeni, na mashine ya kutazama moyo. Nitakwenda kesho. Kiwanda kimetoa ruhusa, na ruhusa haikataliwi.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ndefu. Nianze wapi?

Foleni ilifika hadi jikoni. Ukungu, mablanketi, kila mtu anakohoa kwa zamu. Sheshe alikuwa mbele yangu, akaanza uongo wake — mashine inaonyesha mwanamke uliyempenda kabla ya mkeo, inamchora na jina. Wanaume wawili wakakumbuka wameacha ng'ombe bila majani. Wakaondoka kweli!

Daktari ni mwanamke. Daktari Mwanamwema, wa Tanga mjini, amesoma ng'ambo. Hajazidi miaka thelathini na tano. Amevaa makoti mawili na soksi za sufu na bado anatetemeka. Akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba mwanangu, kisha nikaona aibu, maana ni daktari. Akacheka. Alisema tangu apande huku milimani hakuna aliyemwita mwanangu, wanamwita mama hata wazee.

Mashine ni sanduku la ukubwa wa kabati la vyombo. Limeazimwa, tena kwa wiki chache. Linakula umeme wa jenereta, na dizeli ni ya saa mbili tu kwa siku, kwa hiyo hakuna maongezi marefu. Nilipovua shati nikauliza kama inauma. Akasema haiumi, ni sauti tu, sauti nyembamba mno ambayo sikio halisikii. Inaingia kifuani, inagonga ukuta wa moyo, inarudi. Nikamwambia basi ni kama mtu anayeita kutoka mlima huu na mwangwi unarudi kutoka mlima ule. Akaniangalia. "Mzee, mimi nilifundishwa jambo hilo mwaka mzima."

Wanapaka mafuta ili sauti ipite vizuri. Mafuta yake rasmi yamekwisha, wala hayapatikani. Anatumia mafuta ya nazi aliyofungiwa na mama yake! Baridi hiyo kifuani — niliruka. Muuguzi wake, Sista Esta, akanishika bega na kunilaza ubavu wa kushoto. Daktari akakandamiza kitu kama kalamu nene kati ya mbavu. Kule kwenye sanduku karatasi ikaanza kutoka, ndefu, na mistari inapanda na kushuka. Moyo wangu unaandika! Mwandiko mbaya kuliko wangu.

Akachukua rula. Akapima. Akapima tena mahali pengine. Akanyamaza. Mtu akinyamaza na rula mkononi si vizuri.

Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza na zaidi ya hapo? Nikasema napuliza besi. Hakuijua. Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wake, na jinsi mashavu yanavyojaa. Akafumba macho kidogo.

Kisha akaeleza polepole. Moyo ukipiga, kuta zake zinasogeleana mpaka karibu kukutana. Zangu hazikutani. "Zako zinapungiana mikono tu kwa mbali, mzee." Virusi vya homa ile viliingia mpaka kwenye nyama ya moyo. Homa imeondoka, mwili unajiona mzima, moyo bado ni mgonjwa. Kipimo cha masikioni hakikusikia kitu, na wodini waliniruhusu kwa haki kabisa. Ndiyo sababu ameleta mashine, anataka kujua kati ya waliopona ni nani hasa bado yuko hatarini. Mpaka leo ametazama watu sitini na wawili. Watatu ndio wako hivi. Mama mmoja wa kule Mponde, Sheshe, na mimi.

Dawa? Vidonge viwili, na kupumzika. Wiki sita. Nisibebe mzigo, nisipande mlima, nisiende kiwandani. Nisipulize.

Nikamwambia Mavuno ni wiki sita na siku tatu. Akasema, "Basi tutaonana kabla."

Nilipofika nyumbani nimechoka, Raheli akanipokea mlangoni, akasogea, akanusa. Akanusa tena.

"Baba Dina, umekwenda hospitali gani ya kupakwa mafuta ya nazi?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ndipo nikamweleza, na yeye hakucheka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefanya ujinga. Naandika kwa sababu sitamwambia mtu.

Raheli alikwenda kisimani. Nikachukua besi, nikaenda nyuma kwenye migomba. Sauti moja tu, nilisema, nijaribu. Ilitoka! Nzuri, nzito. Nikaongeza ya pili. Ya tatu migomba ikaanza kuzunguka, nikaanguka.

Nilipofumbua macho Raheli alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Alitua ndoo, akachukua besi, akaibeba mwenyewe mpaka ndani, akaisukuma chini ya kitanda upande wake.

Sipulizi tena.

Jumapili, 20 Julai

Tobia alikuja baada ya ibada. Nimemweleza yote. Alikaa muda mrefu anazungusha kofia. Alisema afya kwanza. Kisha akasema tena afya kwanza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Alhamisi, 24 Julai

Kulala mchana ni kazi ngumu kuliko kiwanda. Vidonge vinanipeleka chooni kila saa. Nimehesabu mabati ya dari. Ishirini na moja. Nikahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili.

Tobia aliiazima besi, akajaribu watu watatu, akairudisha. Mmoja alitoa sauti kama ndama aliyepotea. Wa pili hakutoa kitu. Wa tatu alitapika.

Jumamosi, 26 Julai

Leo jambo!

Raheli alikuwa barazani anapukuchua maharage. Anaimba chini chini. Mimi nimelala, dirisha wazi, nasikiliza bila kusikiliza. Mara nikainua kichwa. Haimbi wimbo — anaimba besi! Sauti ya nne, mstari mzima, na vituo vyake, na pale ninapopenda kuchelewa kidogo na yeye anachelewa.

Nikamwuliza ameijua wapi. Akashangaa swali. "Baba Dina, miaka ishirini na mitano unafanya mazoezi juu ya sikio langu. Ulidhani inakwenda wapi?"

Nikamwambia alete besi. Alidhani nataka kupuliza, akakataa. Nikasema si mimi. Wewe.

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Halafu akafunga mlango, akaileta.

Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Nikamwonyesha midomo — ibane, itikisike, kama unamfukuza punda. Mara ya nne ikalia! Ilikuwa mbaya sana. Kuku wote wakakimbilia kwa Sheshe. Raheli akashusha chombo, macho yamemtoka, akasema, "Inatetemeka mpaka tumboni!"

Ndiyo. Inatetemeka mpaka tumboni. Sikuwahi kukutana na mtu wa kumwambia hilo.

Jumanne, 29 Julai

Somo. Raheli anajifunza akiwa amefunga kanga kichwani, kama anakwenda shamba. Mimi napiga mapigo kwa kijiko kwenye kikombe. Sukari hakuna, kikombe kiko huru.

Jumamosi, 2 Agosti

Sauti nane, zote safi. Amechubuka mdomo, amepaka mafuta. Nimemkataza kesho. Amenikatalia kukatazwa.

Jumatano, 6 Agosti

Sheshe ameanguka.

Hakupumzika hata siku moja. Alikuwa anasema hospitali inatafuta watu wa kuwafanyia majaribio, na kwamba yeye ana nguvu, na kweli alionekana ana nguvu! Leo mchana yuko juu ya gogo na msumeno, akaachia mpini, akaenda chini. Wanaume wanane wamembeba kwa machela. Nilitaka kutoka nishike hata mkono mmoja wa machela. Raheli alisimama mlangoni. Wakapita mbele ya nyumba yetu na uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu.

Tulipokwenda kwenye foleni ile tulikuwa wawili, na tulipewa maneno yaleyale.

Siandiki zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hajafa. Wanasema yuko kwenye oksijeni. Raheli hakugusa besi leo na sikumwambia aiguse.

Jumapili, 10 Agosti

Landrova ya hospitali ilikuwa inapita, ikanichukua nikamwone Sheshe. Yuko hai! Amekaa amewekewa mito nyuma, amevimba miguu, lakini mdomo ni uleule. Ananiambia Sista Esta anamtazama sana. Sista Esta alikuwa palepale, akamwambia ndiyo, nakutazama usiinuke.

Daktari Mwanamwema akaniita pembeni. Amempima Sheshe kwa mashine tena, moyo wake umetanuka. Atapona pengine, akikaa miezi. Aliniuliza, kwa upole tu, kama mimi napumzika kweli. Nikamwambia kuhusu migomba. Sikujua nitasema. Nilikuwa nimeapa simwambii mtu.

Hakunikaripia. Alisema alipokuwa ng'ambo walimfundisha kusoma karatasi, ila hawakumfundisha kumwambia mtu anayejiona mzima kwamba ni mgonjwa. Alimweleza Sheshe mambo yote kama alivyonieleza mimi, akaamini ameeleweka. Tangu Jumatano amekuwa akijiuliza aliacha neno gani.

Nikamwambia hakuacha neno. Mimi sikuacha kupuliza kwa sababu ya neno. Niliacha kwa sababu mke wangu alificha besi upande wake wa kitanda.

Akacheka mpaka akatoa leso. Akasema ataanza kuwaita wake za wagonjwa.

Jumatano, 13 Agosti

Wazee wa kanisa wamekutana juu ya besi! Tobia alikuja jana kumsikiliza Raheli, akasimama barazani dakika nzima bila kubisha hodi, kisha akaingia na kusema nyimbo nne za Mavuno, mama, leo hii tuanze. Habari ikafika kwa wazee kabla yeye hajafika kwake.

Raheli aliitwa. Mimi nikapelekewa kiti, maana ni mgonjwa. Mzee mmoja akasema tarumbeta toka enzi za wamisionari ni za wanaume, na midomo ya akina mama si ya shaba. Nilifungua mdomo nijibu. Raheli akanigusa goti.

Akasimama. "Shikamooni wazee wangu. Midomo hii imepuliza moto wa kuni mbichi miaka ishirini na mitano, nanyi mmekula chakula chake kila Mavuno. Hakuna aliyesema ni dhaifu."

Kisha mzee yuleyule akaanza kucheka, mabegani kwanza. Tobia akasema kama kuna mwanaume mwenye pumzi zaidi ajitokeze sasa. Wakamtazama yule aliyetapika. Akatazama nje.

Imepita.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikwenda mazoezini, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimesikia kikundi chetu kutoka mbele ya tarumbeta. Wanapendeza!

Nikiri kitu. Raheli hapulizi kama mimi. Mimi nasukuma — watu husema Rubeni anatikisa madirisha. Yeye anaweka sauti chini ya wenzake kama mtu anayetandika mkeka. Nilipokuwa nasikiliza niliona wivu, wa kweli, wa kitoto. Nilitaka akosee. Mahali pamoja alikosea, nikafurahi, kisha nikajichukia mpaka mwisho wa wimbo.

Njiani akaniuliza, ilikuwaje? Nikasema pale kwenye kituo cha pili umewahi. Akasema najua. Tukatembea. Kisha nikasema ilikuwa nzuri, Mama Dina. Nzuri kuliko yangu mahali pengi. Akanishika mkono barabarani, mchana, watu wakiona!

Halafu kitu nilikitambua tukiwa tayari uani. Nilikuwa sijasimama kupumzika.

Alhamisi, 28 Agosti

Wiki sita zimetimia. Nilioga, nikavaa shati safi — dizeli hakuna. Gari la dizeli limekwama Mombo. Sista Esta ametuma ujumbe nisubiri.

Jumamosi, 30 Agosti

Dizeli imefika leo jioni. Daktari anaondoka kesho na mashine yake. Imeombwa irudishwe. Na kesho ni Jumapili, magari mwisho saa nane mchana kwa amri ya serikali ya kubana petroli, kwa hiyo lazima awe ameshateremka Mombo kabla polisi hawajafunga njia. Anasema nije saa nne na nusu, atanipima wa mwisho, kisha afungashe.

Saa nne na nusu! Ibada inaanza saa nne.

Nilisema siendi. Raheli alikuwa anasugua besi kwa majivu na limau. Hakuinua kichwa. "Utakwenda. Mimi nimekaa na hofu hii wiki sita. Nataka kujua zaidi ya unavyotaka kunisikia."

Nikasema na mimi nitakusikiaje? Akasema kanisa liko ng'ambo ya bonde tu, madirisha ya hospitali yanafunguka. "Nitapuliza kuelekea kwako."

Jumapili, 31 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, kwenye chumba cha mashine, kifua wazi kinanuka nazi. Daktari ameniruhusu niendelee kulala ubavu mpaka amalize kusoma karatasi. Jenereta imezimwa, dizeli iliyobaki ni ya upasuaji. Kimya kizuri. Jua limetoka na ukungu umeteremka chini kabisa bondeni, kanisa nalo linaonekana jeupe upande wa pili, na watu wadogo wadogo uani. Nimemwomba Sista Esta afungue madirisha yote mawili. Amefungua, na yeye hajaondoka. Amesimama na faili ambalo halisomi.

Karatasi ya moyo wangu iko mezani, ndefu mpaka inaning'inia. Pembeni ameweka ile ya Julai. Daktari amenipa mgongo. Ana rula. Anapima, anaandika, anasogea, anapima. Leo amevaa koti moja tu.

Sheshe anapiga kelele kutoka wodini, anauliza wameanza kupiga? Anataka na yeye afunguliwe dirisha.

Wimbo wa kwanza umepita. Walianza haraka mno, Tobia ana wasiwasi, lakini sauti ya nne iliwashika na kuwarudisha. Nimeisikia! Inavuka bonde, inafika chini ya zile nyingine, laini. Wa pili wamepiga vizuri. Sista Esta amefuta macho, anasema ni baridi.

Daktari bado. Amerudi mwanzo wa karatasi.

Wimbo wa tatu ndio mgumu. Katikati zote zinanyamaza, mapigo manne, halafu besi inaingia peke yake, hakuna wa kuiegemea. Mimi hapo miaka yote nilikuwa nafumba macho. Sikumwambia Raheli kwamba nilikuwa naogopa.

Wameanza. Wanakwenda polepole, vizuri. Tobia ametulia.

Daktari ameweka rula chini. Anakusanya karatasi zote mbili. Anageuka, amefungua mdomo — "Mzee Rubeni," anasema —

Nimemwinulia mkono. Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo. Wamenyamaza. Moja. Mbili. Tatu —